Shangazi Anapiga Chafya ya Nini?

9 Januari

Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Huku sote wazima, isipokuwa pua yangu, nitakueleza. Baba yako anakusalimu. Anasema yule paka uliyemwachia amenenepa mpaka kupita mlangoni ni kwa mpango. Mama yako amepaka sebule rangi ya kijani, na kila mgeni akiisifu, baba yako anapatwa na kikohozi. Mimi bado nipo palepale, shule ya udereva, na simu bado siitaki. Mchana kutwa nawakataza watu kuishika. Nikiishika mimi jioni nitakuwa mtu gani? Vumilia barua.

Sasa kilichonileta. Napiga chafya. Usicheke! Sisemi chafya ya mtu na leso yake. Hizi zinakuja kwa mfululizo, moja inaivuta nyingine kama mabehewa ya treni. Juzi nilikuwa uwanjani na binti mmoja mwoga, anaendesha kama amepakata mayai. Nikapiga chafya. Akadhani nimemwambia "Acha!" Akaacha. Aliacha usukani, mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa, na tukayalaza mapipa yote ya mazoezi.

Nimechunguza na mbaya wangu nimempata. Kuna mzee mmoja, fundi miwani aliyestaafu, tunamwita Mzee Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Basi likiwa nyuma yake, abiria hushuka wakatembea. Kipindi chake ni asubuhi, jua likishapanda kidogo. Akifunga mkanda tu, nami naanza. Tena anakuja na maua! Eti ya kuomba radhi kwa nguzo aliyoigonga. Watu wote amewatengenezea miwani, yeye nguzo haioni.

Kwa hiyo nimekata shauri kwamba yule mzee nina mzio naye. Wewe kazi yako ni kupima hewa. Niambie, kuna ugonjwa wa kumkataa mtu kwa pua? Na unakuja lini nyumbani?

Shangazi yako


27 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa ofisini akaja kuangalia kuna nini. Mwambie Baba paka apunguziwe maziwa, na mwambie Mama kijani ni rangi nzuri. Nami ni mzima, kazi ni nyingi, chumba nilichopanga kina dirisha moja na jirani anayepiga tarumbeta vibaya.

Ugonjwa wa kumkataa mtu kwa pua haupo. Ngoja nikueleze. Juu ya paa letu kuna mtambo mdogo, umbo lake kama birika, unaovuta hewa mchana na usiku. Ndani una utepe unaonata. Kila kinachopita kinagandia pale: vumbi, masizi, mbawa za wadudu, na chavua, yaani ule unga ambao mimea huutoa ili izaane. Mimi nauweka utepe chini ya hadubini na kusoma kilichonaswa. Mji wenu nao una mtambo kama huo, pale juu ya bohari ya maji, na tepe zake huletwa kwangu kila wiki. Kwa hiyo hewa unayoivuta wewe nami huiona, ingawa kwa kuchelewa.

Maua ya mzee wako hayana hatia. Ua lenye rangi na harufu linamtegemea nyuki. Chavua yake ni nzito, inanata, haiendi mbali. Wanaokutesa ni wale wasio na sura, yaani nyasi. Nyasi hazina nyuki wa kuzichumbia, zinautegemea upepo, na upepo hauna adabu ya kufikisha mzigo kwa mwenyewe. Basi nyasi humwaga chavua bila hesabu. Nyingine inafika inakotakiwa, nyingine inaishia puani mwako.

Mwaka huu mvua zilizopita zilikuwa kubwa, na nyasi zikashiba. Sasa kumekauka, kuna jua na upepo. Asubuhi umande ukishakauka, nyasi huachia chavua, na hewa ya joto inapanda nayo. Jioni hewa ikipoa, inashuka tena. Na uwanja wenu, kama ninavyoukumbuka, umezungukwa na nyasi zinazofika kiunoni. Kosa la mzee wako ni saa ya kipindi chake tu. Funga vioo, mhamishie siku ambayo mvua imenyesha, na ukirudi nyumbani badili nguo kabla ya kukaa kitandani.

Ila swali moja. Mimi nikigonga nguzo, simpelekei mtu maua. Huyu mzee ni nani hasa?

Samahani kwa mwandiko, meza hii inayumba.

Chiriku


15 Februari

Chiriku,

Salamu nyingi. Baba yako amempunguzia paka maziwa, na paka amehamia kwa jirani. Lawama zote ni zako.

Nilifunga vioo kama ulivyosema. Garini kukawa kama ndani ya tanuri. Mwanafunzi mmoja miwani yake ikafanya ukungu, akaendesha kwa kusikiliza. Chafya zilipungua, hilo nakubali. Nyasi nimeomba zikatwe, meneja kasema atalifikiria. Anavyofikiri meneja wetu, nyasi zitakuwa miti.

Mzee Taratibu ameanguka mtihani tena. Kwenye kurudi nyuma alimpandia mtahini kwenye jukwaa lake, polepole kabisa, mtahini akawa na nafasi ya kukusanya karatasi zake na kushuka. Nikamwambia, "Mzee, una macho, una miguu, tatizo liko wapi?" Akasema, "Mwalimu, labda nahitaji masomo zaidi." Halafu akasema jambo jingine ambalo halina umuhimu.

Umeniuliza ni nani. Ni mwanafunzi. Mkewe alifariki zamani. Anapika mwenyewe. Basi.

Sasa nami nikuulize. Mwandiko wako unaruka. Unaenda vizuri, halafu pwaa! herufi moja inakimbia hadi pembeni ya karatasi. Mimi nimekaa kando ya watu wanaoyumba maisha yangu yote, na meza inayumba kwa namna nyingine kabisa. Chafya za ukoo wetu nazijua, bibi yako alikuwa akipiga kuku wanatawanyika. Chiriku, na wewe?

Na hukunijibu unakuja lini.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa habari za paka. Jirani yangu wa tarumbeta amejifunza wimbo wa pili, na ule wa kwanza ulikuwa nafuu.

Habari njema ni kwamba mvua zimefika kwenu. Nimeuona utepe wa bohari ya maji, ni mweupe kama shuka lililofuliwa. Mvua ya kutulia, ile inayonyesha kutwa, huigonga chavua hewani na kuishusha chini, na nyasi zikilowa hazina la kuachia. Kwa hiyo sasa utakuwa unapumua kama mtoto, na Mzee Taratibu anaweza kuja na maua yake bila kusingiziwa.

Meza imewekewa kipande cha ubao.

Alisema jambo gani lisilo na umuhimu?

Chiriku


22 Machi

Chiriku,

Wote hawajambo. Mama yako sasa anataka mlango nao uwe kijani.

Kuhusu chafya, hali ni mbaya. Mbaya sana. Zimezidi kuliko mwanzo. Jana asubuhi Mzee Taratibu alipoingia tu, nilipiga chafya hadi nikaona nyota. Kwa hiyo nimemwambia ukweli kwamba afya yangu hairuhusu, atafute shule nyingine. Hakubisha. Alisema "Sawa, Mwalimu," akashuka, akafunga mlango polepole kama kawaida yake, akatembea kwenye mvua.

Ndivyo ilivyo. Afya kwanza.

Shangazi yako


4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za jirani.

Utepe wa mji wenu wa siku ile uliyoona nyota umefika mezani kwangu. Nimeupitia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nikamwomba mwenzangu naye aupitie, nisije nikamsingizia mtu mzima. Hakuna kitu. Hewa ya mji wenu siku ile ilikuwa safi kiasi kwamba ningeweza kuifungia kwenye chupa nikaiuza.

Shangazi, unapiga chafya ya nini?

Jambo la pili ni la kazi, tafadhali lisome kwa makini. Mvua zitakatika karibuni. Nyasi zimekua upya, zitachanua, na kwenye kila kichwa kutakuwa na chavua inayongoja. Ikija siku ya joto kali na upepo mkavu, halafu mawingu meusi yakajikusanya ghafla na ngurumo, usitoke nje kula upepo. Ile si kama mvua ya kutulia. Upepo wa dhoruba unaikusanya chavua na kuileta usawa wa pua, na chavua ikinywa maji inapasuka vipande vidogo sana ambavyo havikomei puani, vinashuka mpaka kifuani. Hata mtu asiyewahi kuugua pumu hubanwa. Ingia ndani, funga madirisha, ngoja mvua inyeshe na ipite.

Nijibu. Yote mawili.

Chiriku


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu hujaijibu. Baba amenipigia simu akasema, "Shangazi yako anaendelea vizuri." Nikamuuliza, anaendelea vizuri kutoka wapi? Akasema, "Muulize mwenyewe," akanipa Mama, naye Mama akanieleza habari za mlango.

Nimekuuliza. Andika hata mstari mmoja.

Chiriku


9 Mei

Chiriku, mwanangu,

Naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu kwa baba yako, kwenye sebule ya kijani. Nikuambie, ukiwa mgonjwa rangi hii haisaidii. Lakini sijambo, kweli. Paka amerudi, amelala miguuni kwangu. Usiogope ukisoma, maana anayeandika yu hai na ana njaa.

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Nilisoma lile swali la kwanza, nikakasirika, nikaikunja. La pili sikulifikia.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kukaanga. Nyasi za uwanja zilikuwa zimesimama wima, hazikuwa zimekatwa, na upepo ukipita unaona kama moshi unainuka. Mchana mbingu ikaanza kuwa nyeusi upande mmoja. Ukaja upepo wa baridi, mtamu! Sote tukatoka ofisini. Nilisimama katikati ya uwanja, nikafungua mikono, nikauvuta kifua kizima. Karani wetu akaniambia, "Mwalimu, leo unataka kuruka." Ngurumo ikapiga, matone makubwa yakaanza.

Nikapiga chafya moja. Moja tu. Halafu kifua kikafunga.

Sijui nikuelezeje. Hewa ilikuwepo, naisikia usoni, lakini haiingii. Nilitaka kumwita karani, sauti ikatoka kama filimbi iliyoziba. Alinikalisha kwenye ngazi, akawa anazunguka huku na huku. Walimu wengine wote walikuwa barabarani na wanafunzi. Gari lililobaki ni lile kuukuu, na karani wetu, niamini, amefanya kazi shule ya udereva miaka yote hii hajui kuendesha.

Ndipo akaingia getini Mzee Taratibu na mwavuli wake. Alikuwa amekuja kuchukua karatasi zake za masomo, azipeleke shule nyingine, maana mimi nilimfukuza. Aliniangalia mara moja. Alitupa mwavuli, akachukua ufunguo mkononi mwa karani, akaninyanyua, akaniweka kiti cha mbele.

Nikasema moyoni, nimekufa. Nisipouawa na kifua nitauawa na nguzo.

Chiriku, yule mzee aliendesha! Alitoka getini kwa gia ya pili, indiketa, kioo, shingo, kila kitu. Mvua inamwagika, barabara haionekani, malori yanapita, na yeye anabadili gia husikii. Kwenye mzunguko aliingia na kutoka kama uzi kwenye tundu la sindano. Alikuwa anasema, "Pumua kidogokidogo, Mwalimu. Usivute kwa nguvu. Kidogokidogo." Hospitalini palijaa magari. Akarudi nyuma katikati ya gari la wagonjwa na ukuta, mara moja, bila kusahihisha. Nilitaka kumgombeza pale pale, pumzi haikutosha.

Ndani kulikuwa na watu wengi kama mimi, wameshika vifua, wengine hawajawahi kuugua hata mafua. Muuguzi alisema wamekuja wote baada ya ule upepo. Walinivalisha kikombe cha plastiki usoni, dawa ikaingia kama ukungu, na taratibu kifua kikafunguka.

Nilipopata sauti, neno la kwanza nililosema ni, "Umejua lini kuendesha?"

Alikuwa amekaa kwenye benchi, suruali inachuruzika maji. Akasema, "Mwezi wa pili wa masomo."

"Na zile nguzo?"

"Ile ya kwanza ilikuwa ya kweli," akasema. "Zilizofuata nilizitafuta."

"Na mtahini?"

"Mtahini nilimwendea polepole, asiumie." Akawa anaangalia viatu vyake. "Mwalimu, ningefaulu, kesho yake ningekuja kwako kwa sababu gani?"

Muuguzi aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Sasa nijibu swali lako. Jambo alilolisema garini, lile lisilo na umuhimu, lilikuwa hivi: "Nikipata leseni nitanunua gari, na nikinunua gari sitakuwa na pa kwenda. Ungekubali mimi na wewe tuwe na pa kwenda pamoja?" Nilimjibu kwamba indiketa yake inawaka.

Chafya za mwezi wa tatu hazikuwepo. Zile za mwanzo zilikuwa za kweli, na zilinifaa kumkwepa, nikashindwa kuziacha ziishe. Siogopi yule mzee, yeye hana la kuogopwa. Ila nilipobaki peke yangu ilinichukua muda mrefu kujifunza kulala katikati ya kitanda. Sasa nimezoea katikati.

Hilo usimwambie baba yako.

Shangazi yako


21 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na asante kwa kuwa hai. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena.

Utepe wa siku ile umefika. Nimezoea kuona chavua za nyasi zikiwa duara, nzima. Hizi zilikuwa maganda matupu, zimepasuka. Sikuweza kuusoma mpaka mwisho, nikamwomba mwenzangu amalizie. Kila ganda nililiona kama limetoka kifuani kwako.

Na wewe umesema kweli, kwa hiyo nami niseme. Meza haiyumbi. Ni mimi. Napiga chafya tangu mwaka jana, naziba uso kwa kitambaa, nasingizia vumbi. Niliogopa wakijua wataniambia kazi hii si yangu, na ndiyo maana sikuja nyumbani, nilijua ungeniona siku ya kwanza tu. Basi baada ya barua yako nikaenda kwa mkuu wangu. Nikaanza kueleza, nikapiga chafya katikati ya sentensi, nikampulizia karatasi zake zote chini. Aliziokota akasema, "Nimejua tangu ulipoanza. Nilikuwa nangoja useme ili nikupeleke kwa daktari." Sasa natumia dawa, na mtambo wa paani anaupanda mwenzangu. Mimi nimepewa kuandika maonyo ya hali ya hewa yanayosomwa redioni. Lile la dhoruba nimeliandika upya, mambo ya hatari yakae mwanzoni, kwa ajili ya watu wanaokunja barua kabla ya kumaliza.

Kuhusu kitanda sina utaalamu. Ila muulize analala upande gani. Huenda anapenda pembeni.

Nakuja mwezi ujao. Hilo ndilo jibu la Januari.

Umemwambiaje?

Chiriku


18 Juni

Chiriku wangu,

Salamu zote unazozijua, zipokee. Kitanda chako kimetandikwa. Mlango ni wa kijani, usishtuke ukafikiri umekosea nyumba.

Nilimwambia hivi: "Kafanye mtihani mara moja zaidi. Ukianguka, nitajua unataka masomo. Ukifaulu, nitajua unataka mimi." Akaniuliza kama anaweza kufanya siku hiyohiyo.

Uwanja umekatwa nyasi, meneja alikatisha haraka siku niliporudi kazini na cheti cha daktari. Nilikaa kwenye benchi na kitambaa usoni, kama daktari alivyoagiza, nikamtazama. Mtahini alikataa kukaa jukwaani, alisimama nyuma ya mti. Hakukuwa na haja. Mzee alimaliza bila kugusa pipa hata moja, na alimaliza haraka, mpaka mtahini akamwuliza kama ni ndugu yake yule mwingine.

Kwa hiyo tunaoana, Chiriku. Hatutaki makubwa, watu wachache na chai. Lakini nataka kusema maneno yangu bila chafya, kwa hiyo tuchagulie wewe wiki ambayo mvua ya kutulia imenyesha na hewa imeoshwa. Baba yako anauliza kama huo ndio utaratibu wa kisasa. Nimemwambia ndiyo.

Jana Mzee alikuja na gari lake, dogo, la mkono wa pili, akanifungulia mlango. Unajua gari letu la shule lina breki ya mwalimu, upande wangu wa kushoto. Nimekaa nayo miaka yote. Sasa nilikaa, nikafunga mkanda, mguu ukaitafuta. Haipo. Kuna zulia tu. Tulipokaribia makutano nililikanyaga lile zulia kwa nguvu zangu zote, na gari likasimama taratibu, maana yeye alikuwa ameshakanyaga yake. Makutano ya pili nikakanyaga tena. Ya tatu pia. Mzee anaangalia barabara.

Tulikuwa tunazungumza habari za mapazia tulipofika ng'ambo ya mji, nikaangalia chini, nikakuta nimevua viatu.

Shangazi yako